Msitu wa Chakula Nassa: Makubaliano ya Kijiji Huja Kabla ya Mche

Kila msimu wa mvua unapokaribia, wananchi wa Mkoa wa Simiyu husikia tangazo linalofanana: miche ipo, mashimo yachimbwe, miti ipandwe. Agizo la Serikali linaloitaka kila halmashauri kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka limelifanya tangazo hilo kuwa sehemu ya kalenda ya vijiji, sambamba na Siku ya Taifa ya Upandaji Miti. Hata hivyo, kwa mkulima wa Nassa, wilayani Busega, jambo zito zaidi huanza baada ya hafla ya upandaji kumalizika. Mche uliopandwa Desemba unapaswa kuwa hai Septemba inayofuata, baada ya jua kali, baada ya moto wa kusafisha mashamba, na baada ya makundi ya ng'ombe kupita katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa.

Makala haya yanaeleza msitu wa chakula ni nini, unavyoweza kuanzishwa katika mazingira ya Nassa na Simiyu kwa ujumla, na kwa nini mafanikio yake hutegemea makubaliano ya watu kuhusu mifugo, moto na ardhi kuliko idadi ya miche inayogawiwa.

Maana ya msitu wa chakula

Msitu wa chakula ni shamba la kudumu ambamo mimea inayoliwa hupangwa kwa ngazi, kama ilivyo katika msitu wa asili. Juu kabisa hukaa miti mirefu; chini yake miti ya matunda ya kimo cha kati; kisha vichaka, mboga, mimea inayotambaa na kufunika udongo, mazao ya mizizi, na mimea inayopanda juu ya mingine. Kila ngazi hutumia mwanga na maji ambayo ngazi nyingine haikuyatumia. Majani yanayoanguka huoza na kuwa mbolea, na kivuli huzuia unyevu kukimbia upesi.

Mpangilio huu ni sehemu ya elimu ya kilimo cha kudumu, maarufu kwa jina la pamakalcha, ambayo wanazuoni wawili wa Australia, Bill Mollison na David Holmgren, waliiweka katika kitabu mwaka 1978. Lakini utendaji wenyewe ni wa kale zaidi ya jina hilo. Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Wachaga wamelima vihamba kwa karne nyingi: migomba, kahawa, mboga na miti mirefu katika eneo moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Nassa si Kilimanjaro. Mvua za Usukumani kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Mei, na mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa Januari au Februari. Baada ya hapo hufuata miezi mikavu mfululizo. Kwa hiyo mkulima wa Busega, Bariadi, Itilima, Maswa au Meatu hawezi kuiga kihamba kama kilivyo. Anao, hata hivyo, urithi wake mwenyewe wa kuanzia: ngitili.

Somo la ngitili

Ngitili ni eneo la malisho ambalo kaya au kijiji cha Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ili nyasi na miti vikue bila kuguswa. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, sehemu baada ya sehemu, na kipaumbele hupewa ndama na wanyama dhaifu. Hapo ndipo familia ilipopata pia kuni, dawa, nyasi za kuezekea, asali na matunda ya porini.

Mfumo huo nusura upotee. Kuanzia miaka ya 1920, utawala wa kikoloni uliendesha kampeni za kufyeka misitu ili kuwaangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka na mahitaji ya kuni na mkaa yakapanda. Katika miaka ya 1970, kuhamishiwa kwa kaya katika vijiji vya ujamaa kuliwaweka watu wengi mbali na ngitili zao, na kilichokuwa na mwenyewe kikawa hakina mlinzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, sehemu kubwa ya uliokuwa Mkoa wa Shinyanga ilikuwa tupu kiasi kwamba Rais wa Awamu ya Kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, aliilinganisha na jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kama HASHI, ambayo baadaye ilishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo leo zimo katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, zilikuwa sehemu ya programu hiyo. Eneo la Busega kwa wakati huo lilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, lakini jamii na mila ni zilezile.

Mwanzoni HASHI ilitilia mkazo vitalu na upandaji wa miche. Uzoefu ukaonesha kuwa ardhi iliyofungwa kwa makubaliano ya wenyewe hurudisha miti mingi zaidi, na kwa gharama ndogo, kwa sababu visiki na mbegu vilikuwa bado hai ardhini. Wataalamu wakaketi na wazee, mikutano ya dagashida ikatumika kuweka masharti, na sungusungu wakasimamia utekelezaji. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Programu ilipofikia tamati mwaka 2004, makadirio ya maeneo yaliyorejeshwa yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 juhudi hizo zilipata tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Tathmini ya uchumi iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria kuwa faida ya ngitili ilifikia Dola za Marekani 14 kwa mtu kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo ulikuwa Dola 8.50. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa nyingi, na nafuu hiyo iliwaangukia wanawake zaidi. Tathmini hiyohiyo ilibainisha kasoro inayopaswa kukumbukwa: wenye ardhi kubwa na mifugo mingi walinufaika kuliko wasio navyo.

Msitu wa chakula unaweza kuiziba sehemu ya kasoro hiyo. Ngitili ya malisho huhitaji hekta kadhaa ili iwe na maana, wakati msitu wa chakula unaweza kuanza katika robo ekari nyuma ya nyumba. Kaya isiyo na ng'ombe hata mmoja inaweza kuwa na ngitili yake ya matunda.

Kuisoma ardhi kabla ya kuchimba

Wasukuma waliainisha udongo wao zamani, na majina hayo bado ni mwongozo mzuri. Karibu na vilima vya mawe hupatikana luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi na kuishiwa rutuba upesi. Chini zaidi huja itogolo, wenye tabaka gumu ambalo maji hayapenyi kwa urahisi, kisha ibushi wenye chokaa. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Katika luseni, mwembe, mpapai, mihogo, viazi vitamu na karanga hustawi iwapo samadi itaongezwa. Itogolo huhitaji mashimo mapana yanayovunja tabaka gumu, na miti migumu kama mkwaju, mkunazi na mjunju. Mbuga hufaa zaidi kwa mpunga, dengu na malisho kuliko miti ya matunda, kwa kuwa mizizi huzama katika maji msimu wa masika na kukatwa na nyufa wakati wa jua. Mwananchi mwenye shamba linaloshuka kutoka kilimani hadi bondeni ana udongo wa namna mbili au tatu, na atapoteza miche mingi akipanda aina moja kote.

Hatua inayofuata ni kutazama visiki. Mahali palipokuwa na mti, mara nyingi pana kisiki kinachochipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Mkulima huchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, huondoa mengine, hupogolea matawi ya chini na kuyalinda yaliyobaki. Njia hii, inayojulikana nchini kwa jina la Kisiki Hai, imeenezwa sana mkoani Dodoma, na nchini Niger mbinu kama hiyo ilirudisha miti katika mamilioni ya hekta za mashamba. Mti wa kisiki una mizizi iliyokwisha kushuka, hivyo hauhitaji kumwagiliwa. Ndio unaofaa kuwa kivuli cha kwanza cha msitu wa chakula.

Mpango wa ekari moja

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Miti mikubwa ikipewa nafasi ya mita 10 kwa mita 10, ekari hiyo hubeba miti 40 tu. Idadi hiyo huwashangaza wengi waliozoea kusikia maelfu ya miche, lakini mwembe au mkwaju uliokomaa huhitaji nafasi hiyo. Uwezo wa kuzalisha hutokana na kinachopandwa katikati yake.

Katika mwaka wa kwanza shamba hufanana na shamba la kawaida. Mashimo ya sentimita 60 kwa upana, urefu na kina huchimbwa kabla ya mvua. Udongo wa juu huwekwa kando, huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Miche hupandwa mvua zikishashika. Katikati ya mistari hupandwa mahindi au mtama, kunde, maboga, viazi vitamu na mbaazi. Familia haikosi mavuno ya msimu, na kunde na mbaazi huurudishia udongo nitrojeni.

Mbaazi ina kazi nyingine. Hukua kuwa kichaka ndani ya miezi michache, huupa mche kivuli katika kiangazi cha kwanza, na shina lake huwa kuni. Mlusina na mlonge vinaweza kupandwa kwa wingi kati ya miti ya matunda, kisha kukatwa mara kwa mara ili majani yatandazwe chini ya miti au kulishwa mbuzi. Majani ya mlonge huliwa pia kama mboga.

Kuanzia mwaka wa pili mpapai huwa umeanza kuzaa, na mpera hufuata. Mwembe uliopandikizwa kikonyo huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Ule uliotokana na mbegu huchukua muda mrefu zaidi. Mchungwa na mlimao hufuata mwendo wa karibu na huo palipo na maji. Mkwaju huhitaji miaka saba au zaidi, na mbuyu uliopandwa leo kwa kawaida huzalia kizazi kinachofuata. Kwa sababu hiyo miti hii miwili hupandwa pembezoni, au huachwa pale ilipojiotea yenyewe.

Mpangilio huu una maana katika kalenda ya chakula. Kipindi kigumu kwa kaya nyingi za Usukumani ni kati ya kupanda na kuvuna, wakati ghala linapoelekea kuisha na mahindi bado ni machanga. Maembe huiva mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, ndani ya kipindi hicho. Ubuyu na ukwaju hupatikana kiangazi na huhifadhika kwa miezi. Mapapai hayasubiri msimu. Viazi vitamu hukaushwa kuwa michembe na matobolwa, ambavyo kila kaya ya Kisukuma inavifahamu. Msitu wa chakula hauondoi haja ya ghala la nafaka, lakini huongeza akiba isiyotegemea mvua ya mwezi mmoja.

Maji: kuyazuia yapite polepole

Nassa iko kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, ilhali mashamba mengi ya juu hukauka kama yaliyo mbali na ziwa. Mradi wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi Simiyu, unaofadhiliwa pia na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, umelenga kufikisha maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zote tano za mkoa. Maji ya bomba, hata hivyo, ni kwanza ya kunywa na matumizi ya nyumbani. Miti inapaswa kutegemea zaidi maji ya mvua yanayoanguka shambani.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la nyumba lenye mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 700, hupokea lita 28,000 kwa mwaka. Sehemu yake hupotea, lakini inayobaki, ikiongozwa kwa mfereji hadi kwenye mashimo ya migomba na mipapai badala ya kuachwa ichimbe korongo uwanjani, hutosha kubadilisha ua mzima.

Shambani, makinga maji huchimbwa kwa kufuata usawa wa mwinuko, na miti hupandwa upande wa chini wa kinga. Kila mche huzungushiwa kisahani cha udongo na kufunikwa kwa nyasi kavu. Nyasi hizo ziache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwa kuwa mchwa wa Usukumani huanza na nyasi na kumalizia na gome. Katika kiangazi cha kwanza na cha pili, ni heri kumwagilia maji mengi mara moja kwa wiki kuliko kidogo kila siku, ili mizizi ishuke kuyafuata.

Mifugo, moto na shoka

Sehemu ngumu ya kazi hii haimo shambani. Katika vijiji vingi vya Simiyu, mavuno yakishatoka, mashamba huwa malisho ya wote. Ni desturi yenye manufaa: ng'ombe hupata mabua na mwenye shamba hupata samadi. Lakini mti mchanga wa miezi minane hauwezi kujitofautisha na bua mbele ya ng'ombe mwenye njaa. Mkulima mmoja anayepanda miti peke yake katikati ya desturi hiyo hujikuta akigombana na jirani kila mwaka.

Uzio husaidia. Minyaa, ambayo wengi Usukumani huiita minyara, hukua kwa kuchomekwa vipande vya matawi na haihitaji maji, ingawa utomvu wake ni hatari kwa macho na watoto wanapaswa kuonywa. Katani na matawi ya miiba pia hutumika. Uzio hai huchukua misimu miwili au mitatu kuziba, na katika kipindi hicho kinachozuia mifugo ni makubaliano.

Hapo ndipo somo la ngitili linaporudi. Halmashauri ya Kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, zikajadiliwa katika Mkutano wa Kijiji na kuwasilishwa katika Halmashauri ya Wilaya kwa ajili ya kuidhinishwa. Sheria ndogo nzuri hutaja njia za kupitishia mifugo na maeneo ya kunyweshea, mwezi ambao mashamba yenye alama hayaguswi, na fidia kwa mche ulioharibiwa. Hutaja pia haki ya mfugaji, kwa sababu kijiji kinachofunga kila kipande bila kuacha mapito hukaribisha ugomvi mkubwa zaidi.

Moto unahitaji utaratibu wake. Kanuni za kilimo cha pamba huwataka wakulima kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno ili kukata mzunguko wa wadudu. Nassa ni eneo la pamba la muda mrefu. Hata jina la Nassa Ginnery hukumbusha kinu cha kuchambulia zao hilo. Masalia yachomwe kwa mafungu, mbali na mistari ya miti, asubuhi upepo ukiwa umetulia. Dawa za pamba nazo ziwekwe mbali na matunda na mizinga ya nyuki. Wilayani Meatu, pamba hai imelimwa tangu miaka ya 1990, jambo linaloonesha kuwa zao hilo linaweza kulimwa bila viuatilifu vya viwandani.

Shoka hupungua pale ambapo kuni zinapatikana kwa njia nyingine. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hadi lengo hilo litakapofikiwa kijijini, kaya iliyopanda mbaazi na mlusina hupata kuni za kupogolea bila kukata mti mzima.

Ardhi iwe na mwenyewe

Mti wa miaka ishirini hupandwa na mtu mwenye hakika kuwa atakuwepo, au mrithi wake atakuwepo, wakati wa kuvuna. Anayekodi shamba kwa msimu hupanda pamba au choroko, na hawezi kulaumiwa kwa hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na kijiji kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria hiyo inatambua pia kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Jambo hili si dogo kwa msitu wa chakula, kwa kuwa mara nyingi anayemwagilia mche ni mama au binti. Mwanamke anayelea miti kwa miaka kumi katika ardhi isiyo na jina lake anaweza kufukuzwa na shemeji siku chache baada ya matanga, na miti ikabaki nyuma. Hati yenye majina ya wanandoa wote wawili hulinda kazi yake. Wananchi wanaotaka kupanda miti ya muda mrefu wanashauriwa kuanza na ofisi ya Mtendaji wa Kijiji kabla ya kwenda kwenye kitalu.

Kwa wanaoishi mwambao, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa shughuli za kudumu za kibinadamu au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Ukanda huo si mahali pa kulima bustani. Uachwe na uoto wake wa asili, ambao huchuja udongo unaotiririka kabla haujafika katika maji wanamozaliana samaki.

Kuishi na viumbe wengine

Tathmini za ngitili zilizorejeshwa ziliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Hakuna aliyewapanda ndege hao. Walirudi walipopata pa kukaa. Wanakula wadudu wa mazao na kudondosha mbegu za miti mipya. Nyuki nao huongeza uzazi wa matunda, na mizinga michache huipa kaya asali na kipato wakati miti ingali midogo.

Ujirani huo una gharama katika Busega, ambako vijiji vimepakana na Pori la Akiba Kijereshi na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Tembo hupenda maembe na mapapai yaliyoiva. Katika vijiji vilivyo karibu na mpaka wa hifadhi, ni busara miti ya matunda matamu iwe karibu na makazi, mavuno yasiachwe chini ya miti, na mizinga itundikwe kwenye uzio, njia ambayo nchini Kenya imeonekana kuwapunguza tembo mashambani. Taarifa za wanyama waharibifu zitolewe mapema kwa ofisi ya kijiji na askari wa wanyamapori.

Kwa wazee wa Kisukuma, kuufahamu msitu kulikuwa sehemu ya malezi. Kijana alijifunza mti upi ni dawa, upi hauchomwi moto na upi huonesha kuwa maji yako karibu. Maarifa hayo yanapotea mahali ambapo watoto hawana mti wa kuoneshwa. Shule yenye nusu ekari ya msitu wa chakula inaweza kuwaita wazee kuwafundisha wanafunzi majina na matumizi, na wakati huohuo ikapata matunda ya kuongezea chakula cha mchana.

Hatua za kuanzia

Mwananchi anayetaka kuanza msimu ujao anashauriwa kufuata mtiririko ufuatao. Kwanza, ahakikishe mipaka na haki yake ya ardhi kijijini. Pili, azungumze na majirani na wafugaji, na kuomba suala la mifugo liingizwe katika ajenda ya Mkutano wa Kijiji. Tatu, aweke alama visiki vilivyo hai kabla ya kusafisha shamba. Nne, achimbe makinga maji na mashimo kabla ya mvua, na achomeke minyaa mpakani. Tano, apande miche michache anayoweza kuimwagilia, pamoja na mazao ya chakula ya msimu. Ushauri wa aina za miti na miche bora unapatikana kwa Afisa Ugani wa kata, ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na Kituo cha Utafiti wa Kilimo TARI Ukiriguru, mkoani Mwanza.

Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa mwaka 2023 hadi 2030 umeipa kazi hii nafasi katika sera, na Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo 2030. Ahadi ya ukubwa huo hutekelezwa katika vipande vidogo. Mkaguzi wake wa kwanza ni mwananchi mwenyewe, anayepita shambani mwezi Septemba na kuhesabu miche iliyobaki hai.